Mkwe Mgongoni

Mzungu aliyefika Mbwera mwaka ule wa vita, miezi michache kabla vita havijaanza, hakuja kudai kodi wala kupima mashamba. Alikuja na masanduku saba yaliyojaa vioo, na la nane lenye jicho moja, na alichotaka ni vivuli vya watu. Jina lake la kwao lilitaka mtu akohoe kidogo ndipo litoke, kwa hiyo wenyeji wakamwita Bwana Kioo, na yeye akaitika.

Aliyembebea vioo alikuwa Kondo bin Shaabani, Mndengereko wa palepale Mbwera, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mpole, asiyekosa sala. Bwana Kioo alimchagua siku alipomwona akivuka kijito juu ya gogo na mtungi kichwani, maji yakiwa yamefika shingoni mwa mtungi na tone halikumwagika. Tangu siku hiyo wakatembea pamoja kisiwa hadi kisiwa. Kivuli kikishapigwa, Bwana Kioo aliingia katika hema lake la kitambaa chekundu akakiosha kioo kwa dawa, kisha pembeni akakwaruza kwa msumari namba, mahali na tarehe. Kondo alikifunga kwa nyasi laini na kukiweka sandukuni. Katika vioo hamsini na tisa vya kwanza hakuvunja hata kimoja, naye kila jioni alimshukuru Mungu kwa hilo, kwa kuwa alijua si mikono yake peke yake.

Siku moja Bwana Kioo alimwita. Kiswahili alikuwa amejifunza kitabuni, na alikisema kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga matope.

"Kondo, mimi ninatafuta watu wanaokwisha. Unaelewa? Miaka kidogo tu, basi, wamekwisha. Nipige vivuli vyao kabla hawajakwisha."

"Nimeelewa, Bwana," alijibu Kondo, na moyo wake ukaingiwa na huruma. Akapita nyumba kwa nyumba akitangaza: "Bwana anawataka wote wanaokwisha. Wapelekwe Ijumaa asubuhi kwenye dungu la Mzee Mshamu."

Bwana Kioo alikuwa na maana ya makabila. Alidhani watu wa Rufiji na wa milimani wangeacha mambo yao yote, wavae kanzu, wafanane na watu wa mjini, na kusiwe na wa kuwakumbuka. Lakini kwa watu wa Mbwera, anayekwisha ni mgonjwa, yule ambaye kila ukimtazama amepungua kuliko jana. Wakazikumbuka zile chupa za dawa za Bwana Kioo, wakaambiana kwamba hatimaye amekuja Mzungu mwenye imani.

Ijumaa hiyo, ya pili katika Mfunguo Tisa, mwezi unaotangulia Rajabu, walikuja. Walikuja wa kifua na wa safura. Mmoja alibebwa na watu wanne akiwa juu ya kitanda chake cha kamba, akilalamika njia nzima kwamba wanamtikisa. Wakapangwa kivulini chini ya dungu, kibanda kile cha miguu mirefu ambacho mtu hukaa akilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe.

Mama yake Kondo, Bi Semeni, alikuwa akiumwa tangu masika. Kondo alikuwa amekwisha tangulia na sanduku la jicho, na nyumbani walibaki Tatu, dada yake Kondo, mwenye mtoto mchanga, na mumewe Mrisho. Mrisho alikuwa Mmatumbi wa milimani aliyehamia Kibiti, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Walikuwa wamekuja kumuuguza mgonjwa.

Kati ya nyumba ile na dungu kulikuwa na kijito, na maji yalikuwa yanajaa. Bi Semeni alikuwa mlangoni, amevaa kaniki yake mpya nyeusi, tayari kwa safari.

"Mama, miguu haikubebi," Tatu alimwambia. "Nami siwezi kuwabeba wewe na mtoto."

Mrisho alikuwa nyuma ya nyumba, amewapa mgongo, kama alivyofanya siku zote. Katika miaka mitano ya ndoa hakuwahi kula mbele ya mama mkwe wake wala kumtazama usoni. Wakikutana njiani, yeye alikata porini hadi apite. Ndivyo mkwe anavyoheshimiwa, na Mrisho alikuwa na heshima kuzidi wengi.

Bi Semeni akapaza sauti yake nyembamba: "Mkwe."

"Labeka," aliitika Mrisho, bado amewapa mgongo.

"Leo mimi sikuoni, na wewe hunioni. Njoo unibebe."

Mrisho alikuja kinyumenyume, akapiga magoti, akafumba macho. Tatu alimwelekeza njia kama mtu anayeongoza kipofu. Wakavuka kijito hivyo, mkwe mgongoni, mguu wa Mrisho ukipapasa gogo chini ya maji, na bibi mgonjwa akisoma salawati shingoni mwake.

Bwana Kioo alikuwa amejifunika kitambaa chake cheusi nyuma ya sanduku. Alipoona kitu kinatokea kwenye mpunga uliovunwa, hakungoja. Alibonyeza mpira wa kupigia vivuli. Kisha akatoka kitambaani, akawatazama wagonjwa mmoja mmoja, akamgeukia Kondo.

"Hawa ni nani?"

"Wanaokwisha, Bwana. Bado wawili wako njiani, mtumbwi wao umekwama."

Ilichukua muda mpaka mambo yakafahamika. Bwana Kioo alikaa juu ya sanduku, akajishika kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na Kondo akaogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka. Lakini hakuwafukuza watu. Aliwapa wenye homa vidonge vya homa, na kila mmoja kipande cha sukari, akaagiza wapelekwe nyumbani polepole. Kwa hilo Kondo alimwombea heri, na wengi pale walimwombea pia.

Macho ya Bwana Kioo yaliishia kwa Mrisho, aliyesimama mbali akikamua kanzu yake iliyolowa.

"Huyu wa wapi?"

"Mmatumbi, Bwana. Shemeji yangu."

"Vizuri sana. Avue kanzu."

Ikatafutwa nguo ya kale. Haikupatikana. Mwishowe Mzee Mshamu akatoa mkuki wake wa kuulia nguruwe na ngozi ya mbuzi.

"Ngozi hiyo ninaswalia," alimwonya Mrisho akimfunga kiunoni. "Ukiitia jasho utaifua mwenyewe."

"Sasa ndiyo umerudi kwenu, Mmatumbi," Kondo alimtania.

"Nyamaza wewe, mla kaa wa matopeni. Ungevaa wewe, ngozi ingekuzunguka mara mbili."

Bwana Kioo akamwambia akunje uso na ainue mkuki. Mrisho, mtu aliyekuwa akimkimbia hata nguruwe, alikunja uso vizuri mno. Hicho kikawa kioo namba sitini na moja. Kile cha kubebwa kilikuwa namba sitini.

Siku ya pili yake Bwana Kioo aliviosha vyote viwili. Sitini na moja alikipenda. Sitini alikiinua mwangani, akatikisa kichwa. Picha ilikuwa hafifu kama moshi, na juu ya hayo mtu mwenyewe alivaa kanzu. "Mbaya. Tupa," alisema, ingawa namba na tarehe alikuwa amekwisha kuzikwaruza.

Kondo hakukitupa. Alikipeleka nyumbani, na mama yake alipokiomba akiangalie, alimlazia mapajani, juu ya kaniki nyeusi. Hapo likatokea jambo ambalo Kondo hakulitegemea. Katika vioo vyote alivyobeba, weupe ulikuwa weusi na weusi ulikuwa weupe, watu wakafanana na majini. Lakini kioo hiki hafifu, kikilazwa juu ya kitu cheusi na kuinamishwa kidogo upande wa mlango, kilijigeuza. Kanzu ikawa nyeupe. Uso wa Bi Semeni ukawa uso wa Bi Semeni.

Alijitazama kwa muda mrefu. "Nimekonda hivi," alisema. Kisha akacheka kicheko chake kidogo kilichoishia kwenye kikohozi. "Mtazame mkwe wangu alivyofumba macho. Utasema kabebeshwa jini."

Mrisho alisikia habari hizo akiwa nje. Alimvuta Kondo pembeni.

"Shemeji, kitupe kioo kile. Watu wakiniona nimembeba mama mkwe nitahama mji. Niahidi."

"Nimekitupa," alisema Kondo. Baadaye aliomba msamaha kwa uongo huo sala tano mfululizo, na bado hakukitupa.

Bi Semeni alifariki siku ya tisa baada ya kuvushwa kijito, kwa utulivu, shahada ikiwa mdomoni. Kondo akakifunga kioo katika kaniki yake, akakiweka darini. Watu wengi wanazika mama zao na baada ya miaka wanasahau nyuso zao. Yeye alikuwa amejaliwa uso, na hakujua amshukuru Mungu vipi kwa zawadi kubwa namna hiyo.

Wiki hizo vita vilikuwa vimeshuka kutoka milimani. Habari za maji ya dawa, yanayogeuza risasi kuwa maji, zilifika hadi kwenye visiwa. Bwana Kioo aliamriwa aondoke. Kabla ya kupanda mtumbwi alianika karatasi yake juani chini ya kioo namba sitini na moja, akatoa picha yake, akaandika nyuma yake namba na maneno ya kwao, akampa Mrisho kama ahsante. Kondo alimpa mkono, na Bwana Kioo aliushika mkono ule muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mrisho alirudi Kibiti na mkewe. Picha aliitundika ukutani. Mkuki, ngozi, uso uliokunjwa. Aliipenda kwa kuwa ndani yake hakuonekana mtu mwenye haya.

Mwezi wa Rajabu ulipokaribia kwisha, Jumanne asubuhi, Tatu alitokea Mbwera peke yake na mtoto mgongoni, midomo imekauka.

"Wamemchukua Mrisho," alisema kabla hajakaa. "Askari walipekua nyumba wakaiona ile picha. Wanasema huyu ni mpiganaji, ushahidi anao mwenyewe ukutani. Wanasema alikuwa katika kuchoma ghala la pamba kule milimani. Alhamisi adhuhuri watamnyonga, yeye na wengine."

"Kuchoma lini?"

"Ijumaa ya pili ya Mfunguo Tisa."

Kondo alikaa chini. "Ijumaa hiyo alikuwa hapa. Alimbeba mama."

"Aliwaambia alikuwa Mbwera. Wakamuuliza alikuwa akifanya nini. Akainamisha kichwa, Kaka, akanyamaza. Mimi nikasema ni mume wangu, tulikuwa pamoja, wakasema kila muasi ana mke wa kumsemea."

Kondo alipanda darini. Aliposhuka alikuwa na kile kifurushi cheusi. Tatu alikitambua kitambaa kabla hajajua kilichomo, na alipojua, machozi yalimtoka.

"Ulisema umekitupa."

"Nilisema."

"Wakikichukua je? Hatuna kingine chenye uso wake."

 Kondo alikibana kioo kati ya vipande viwili vya mkeka, akakifungia kifuani kwa kaniki ya mama yake, akaswali rakaa mbili. Hakuomba mengi. Aliomba mikono yake iwe kama siku ile ya mtungi.

Tatu na mtoto walibaki kwa shangazi. Mtumbwi ulimchukua Kondo hadi nusu ya njia ya kwenda Nyamisati, upande wa bara, na hapo maji yakapwa. Mpiga kasia, mtu mmoja aliyeitwa Mtoro, akachomeka kasia lake matopeni.

"Hapa tunangoja maji yarudi," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka yarudi, ndugu yangu. Mimi siyaamrishi."

Kondo aliteremka. Alitembea ndani ya mikoko, matope yakimfika magotini, mkono mmoja umekumbatia kifua na mwingine ukishika mizizi. Mizizi ile ina chaza wamegandamana juu yake, wakali kama wembe, na miguu ndiyo iliyojua. Kila alipoteleza alijitupa chali, asianguke kifudifudi juu ya kioo. Alifika Nyamisati alasiri, akiwa wa rangi ya udongo kutoka utosini hadi nyayoni. Akanawa, akaswali, akafunga nyayo kwa vitambaa. Jumatano nzima alitembea kuelekea Kibiti, akipumzika kidogo na kusimama tena, na njiani watu ambao hakuwajua walimpa maji na muhogo wa kuchoma bila kumuuliza habari. Aliwaombea dua wote, mmoja mmoja, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kuwapa.

Aliingia kambi ya askari Kibiti siku ya Alhamisi, jua likiwa limepanda. Waliokamatwa walikuwa wamekaa mstari mmoja chini, mikono imefungwa. Mrisho alikuwa wa tatu. Mkubwa wa kambi, Mzungu mwenye macho mekundu ya homa, alikaa mezani, na karibu yake karani wa pwani aliyeitwa Huseni, mtu wa kanzu safi na miwani. Mezani kulikuwa na picha ya karatasi.

Kondo aliomba kusema. Karani alimtazama miguu, kisha akamruhusu.

"Nina kivuli kingine cha mtu yule, Bwana karani. Kilipigwa siku hiyohiyo, Mbwera."

Huseni alikipokea kioo akakiinua juani. Nyusi zake zikapanda.

"Mbona umeniletea Wazungu wawili? Mmoja kavaa kanzu nyeusi, kambeba mwenzake."

Askari walicheka. Kondo alifungua kaniki kifuani, akaitandaza mezani, akaomba kioo, akakilaza juu yake taratibu. Kisha akainamisha pembe moja.

Kicheko kikakatika. Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimwona Mrisho, kanzu imelowa hadi mapajani, macho yamefumbwa, na mgongoni bibi kizee aliyekonda, mkono mmoja shingoni mwa mtu huyo na mwingine umeshika nguo yake isipepee. Nyuma yao lilikuwa dungu, na kwenye ngazi yake ilianikwa ngozi ya mbuzi.

"Bibi huyu ni nani?" aliuliza karani, na swali alilielekeza kwa Mrisho.

Mrisho alikuwa ameona kaniki. Aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua, na masikio yake yalionekana kuwaka. 

"Nimekuuliza. Kesi yako ndiyo hii. Ni mama yako?"

Kimya.

"Ni mama yangu mimi," alisema Kondo. "Dada yangu ndiye mkewe."

 Huseni alimtazama yule mtu mwenye mabega, aliyekaribia kamba na bado hakuweza kuutamka ukweli uliokuwa ukimwokoa. Akajikuta ameteremsha macho yeye mwenyewe, kwa adabu, kana kwamba amefungua mlango usio wake. Akamgeukia mkubwa wake, wakazungumza Kijerumani. Mkubwa alitikisa kichwa. Karani akasema tena, safari hii akigonga meza kwa kidole. Kondo hakuelewa maneno, lakini Huseni mwenyewe aliyarudia baadaye kwa Kiswahili mbele za watu, na wengi waliyakumbuka.

"Nimemwambia hivi: Bwana, mtu akitaka kutunga uongo hutunga wa kumpa sifa. Kwetu hakuna mwanamume atakayetunga kwamba alimbeba mama mkwe wake. Afadhali aseme alichoma ghala."

Mkubwa aliinamia kioo. Akaona mikwaruzo pembeni: sitini, Mbwera, tarehe kumi na moja mwezi wa nane kwa hesabu ya Kizungu, Ijumaa ileile. Akageuza karatasi: sitini na moja, mwandiko uleule, ile moja ya kwao yenye mkia, na sita isiyofungika chini. Akaangalia dungu katika picha zote mbili. Akaangalia ngozi kwenye ngazi, kisha ngozi kiunoni.

"Hii ngozi ni ya nani?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Ya Mzee Mshamu, Bwana," alisema Kondo. "Ya kuswalia. Mkuki wake pia, wa nguruwe. Bwana Kioo ndiye aliyetaka avae hivyo, awe mtu wa kale."

Mzungu aliisukuma kando picha ya karatasi. Kisha akasema neno moja, na askari akaenda kumkata Mrisho kamba.

Kondo alinyoosha mikono kukichukua kioo. Mkubwa akaweka kiganja juu yake.

"Kinabaki," alisema karani kwa sauti ya chini. "Ushahidi unakaa na faili. Nisamehe, ndugu yangu. Kaniki unaweza kuichukua."

Kondo aliomba jambo moja, na akaruhusiwa. Aliinama juu ya meza, akainamisha kioo kwa mara ya mwisho upande wa mwanga, akautazama uso wa mama yake. Ulikuwa uleule, mkono shingoni mwa mkwe, midomo ikisoma salawati. Akasema kimoyomoyo: Alhamdulillahi, mama, umevuka tena. Akavuta kaniki taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala, na kioo kikarudi kuwa moshi.

Wale wengine mstarini walibaki, na hakukuwa na mtu wa kuwaletea kioo. Kondo na Mrisho walisimama mbele yao wakawasomea Fatiha, askari wakawaacha wamalize. Kisha wakatoka.

Walitembea hadi nyumba za mwisho za Kibiti.

"Uliniambia umekitupa," alisema Mrisho.

"Nilikudanganya. Nimeomba msamaha sala tano."

"Omba thawabu sasa." Alitembea hatua chache. "Tatu ataulizia kioo."

"Nitamwambia mama amebaki Kibiti, amekuwekea dhamana."

Mrisho alisimama, akajifuta uso kwa mkono. Hapo ndipo alipoiona njia waliyopita: kila palipokanyagwa na mguu wa Kondo palikuwa na alama ya damu mchangani. Akamtazama nyayo, vile vitambaa vimekwisha kuwa vyeusi.

Akageuka, akampa mgongo, akapiga magoti katikati ya njia, mchana kweupe, watu wakiangalia kutoka vibarazani.

"Panda, shemeji."

"Watu wanatuona, Mmatumbi."

"Waone," alisema Mrisho, na safari hii macho yake yalikuwa wazi.

Kondo alijifunga kaniki ya mama yake kifuani, akapanda.